Kila Jumatatu Tulijaza Upya

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo na laptopu yangu imejizima mara nne. Nimetoa daftari hili la mwaka wa kwanza, lenye kurasa nyingi tupu, ili niwe na cha kufanya wakati nasubiri iwake. Mwaka jana kituo cha kompyuta kilituwekea mfumo endeshi wa majaribio, sisi wote ishirini na wawili wa upimaji ardhi. Majaribio yakaisha Januari. Tangu hapo mashine inakubali kufanya kazi saa moja tu, halafu skrini inakuwa nyeusi bila kuaga. Unawasha, unaanza upya.

Kuandika unaweza, mradi uwe na mkono mwepesi wa kuhifadhi. Kuchora ramani huwezi. Programu ya ramani inakagua kwanza kama mfumo una leseni, na ikikuta hauna haifunguki. Na ramani ndiyo kazi yetu ya mwisho ya kumalizia chuo. Tunaikabidhi Ijumaa tarehe 16 Mei, saa kumi jioni. Ya mkono haipokelewi.

Leo fundi wa kituo ametangaza kwamba kampuni yenye mfumo imekubali kuwapa wanafunzi wa chuo leseni bure. Unajaza fomu mtandaoni, unaweka namba yako ya usajili, unasubiri barua pepe. Mimi kama kiongozi wa darasa nikahakikisha wote tumejaza kabla ya mchana. Hata Usingizi nilimwamsha. Huyu analala kiti cha nyuma tangu mwaka wa kwanza, na jina lake halisi nadhani hata yeye amelisahau. Akajaza kwa kidole kimoja, akauliza, "Tayari?" Nikamwambia tayari. Akarudi kulala.

Jumanne, 4 Machi

Hakuna barua pepe.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna. Mvua.

Jumapili, 9 Machi

Mama kapiga simu. Kila Jumapili lazima aulize.

"Hiyo programu wameshaituma?"

"Bado, mama."

"Wanaituma kwa basi gani, tukaulizie?"

Nikamweleza kwamba haiji kwa basi. Akasema, "Basi uwakumbushe. Mtu asipokumbushwa anasahau. Kukumbusha si kusumbua."

Mama aliuza vitambaa vya mkopo dukani kwake kwa msemo huo, na wateja wake wote walilipa. Nimeona ana hoja.

Jumatatu, 10 Machi

Nimewaambia wenzangu tujaze fomu tena. Bandu bandu huisha gogo. Wakiliona jina lako kila wiki watajua una shida kweli.

Mama Pacha, ninayeishi naye chumba kimoja, akacheka. "Si tumeshaomba? Hodi ni mara tatu, mdogo wangu. Ukizidisha, hata aliyekuwa anakuja kukufungulia anaghairi."

"Hii ni ya pili tu," nikamwambia. Akajaza.

Jumamosi, 15 Machi

Sijaandika habari za Mama Pacha, na leo mvua imetufungia ndani, basi niandike. Ametuzidi wote umri. Alianza chuo kabla yetu, akapata mapacha, akaahirisha. Akarudi, mumewe akaugua, akaahirisha tena. Sheria ya chuo ni mara mbili. Sisi wengine tukichelewa kukabidhi, ipo fomu ya kuomba kazi ipokelewe baada ya muda. Ya kwake ilishatumika. Asipokabidhi tarehe 16 Mei anafutwa, na miaka yake yote inakwenda na maji.

Ananiambia haya huku anakunja nguo za watoto wanaokaa kwa bibi yao. Hakulia. Alisema tu, "Kwa hiyo, hiyo leseni mimi siisubiri kama nyinyi." Tangu leo namhesabu yeye kabla yangu.

Jumatatu, 17 Machi

Tumejaza.

Jumatano, 19 Machi

Nimekwenda kituo cha kompyuta kumwona fundi. Chumba kina kompyuta kumi na tisa, zinazowaka ni nne, na juu ya mojawapo kuna beseni la kukinga maji ya paa. Fundi ni mtu mzima, mpole, miwani imefungwa kamba shingoni. Anakula karanga moja moja.

"Shikamoo. Leseni zetu vipi?"

"Marahaba. Subirini."

"Tusubiri hadi lini?"

"Subirini tu, binti. Zinakuja."

Nikangoja aongeze neno. Akaongeza karanga. Darasani tumempa jina: Bwana Subirini.

Jumatatu, 24 Machi

Tumejaza, kasoro Usingizi, kama wiki zilizopita. Nimemtikisa bega. Akafungua jicho moja: "Kiongozi, mimi niliomba." Nikamwambia mara moja haitoshi. Akasema kwake inatosha, akafumba lile jicho. Nimemwacha. Mzigo wa mtu mwingine haunivunji mgongo.

Jumatatu, 31 Machi

Leseni za kwanza zimetoka! Wameanza kupata wa kilimo, wa maktaba, hata yule dada wa muziki anayeandikia kalamu. Kwetu hakuna hata mmoja. Darasa limechafuka. Rula, anayepiga mstari hata chini ya jina lake, amesema idara yetu haina mtu wa kuisemea. Nimeona ananitazama mimi.

Nikawaambia tusikate tamaa. Tumejaza papo hapo, wote ishirini na mmoja, kwa mkupuo.

Jumatano, 2 Aprili

"Subirini."

Jumapili, 6 Aprili

Mama Pacha kaondoka alfajiri. Pacha mmoja amelazwa, homa kali. Kaacha kitanda hakijatandikwa, na si kawaida yake. Mama yangu alipopiga nikamwomba amwombee mtoto. Akasahau kabisa kuuliza habari ya basi.

Jumatatu, 7 Aprili

Mama Pacha hana mtandao kule hospitali. Namba yake ya usajili naijua kwa kichwa. Nimemjazia mimi. Kisha nikampigia kumwambia asiwe na wasiwasi, foleni yake naishikilia. Nyuma yake nilisikia mtoto analia na muuguzi anambembeleza.

"Mungu akulipe, mdogo wangu," alisema. "Leo ningesahau kabisa."

Nimefurahi. Ni siku ya kwanza katika muhula huu niliyojiona nina faida kwa mtu.

Jumatatu, 14 Aprili

Tumejaza. Mtoto ana nafuu.

Ijumaa, 18 Aprili

Siku nzima nimeshinda kwenye maji. Ramani yangu ni ya mitaro ya chuo: maji yanaingilia wapi, yanatuama wapi. Mama Pacha karudi, akanishikia fimbo ya kupimia hadi mapaja yakafa ganzi. Maji yote ya chuo hiki, kumbe, yanakwenda chini ya bweni letu. Sasa najua kwa nini magodoro yananuka. Vipimo vyote ninavyo kwenye karatasi, safi kabisa, havina pa kuchorwa.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimejazia watu sita waliokuwa uwandani wanapima. Laptopu imejizima katikati ya mtu wa nne, nikaanza upya.

Jumatano, 23 Aprili

"Subirini, binti." Safari hii alinitazama kama anataka kuuliza kitu. Hakuuliza. Nimetoka bila kuaga, na najua si adabu, lakini nimechoka na huyu mzee. Kuna watu wamepewa kiti na meza ili wawe wanasema neno moja.

Jumatatu, 28 Aprili

Tumejaza. Awamu ya tatu imetoka. Wa kilimo wamekwisha wote. Kwetu hakuna.

Jumatatu, 5 Mei

Tumejaza. Zimebaki siku kumi na moja. Mama Pacha halali vizuri. Ameanza kusema "kama" mahali alipokuwa anasema "nikimaliza".

Alhamisi, 8 Mei

Nimemwomba mwalimu msimamizi wetu atusogezee tarehe. Ni mtu wa haki sana, na hiyo ndiyo taabu yake. "Muda ni muda," alisema. "Nikimsogezea mmoja, nitawasogezea wangapi?" Nilimtajia Mama Pacha. Akavua miwani, akajipangusa uso, akasema ile sheria hakuitunga yeye.

Jumatatu, 12 Mei

Tumejaza.

Jumanne, 13 Mei

Niandike yote, hata mkono uume.

Asubuhi tulikuwa darasani, kila mtu na laptopu yake, tunasubiri kujizima. Usingizi akanijia. Alikuwa amesimama, na hilo peke yake lilitosha kuwageuza watu. Alikuwa anatafuta barua pepe ya zamani ya dada yake kwenye simu, akakutana na kitu.

"Kiongozi," akasema, "hii siyo ile kitu yenu?"

Nikasoma. Namba ya leseni, jina lake halisi (zuri sana, kumbe), na maelekezo ya kuweka mfumo. Nikatazama tarehe. Ilifika 28 Machi.

"Una hii tangu Machi?"

"Barua pepe sifungui ovyo," akasema. "Zinachosha."

Nilimuuliza aliomba mara ngapi, na jibu nilikuwa ninalo kabla hajafungua mdomo. Mara moja. Ile tarehe 3, nilipomwamsha.

Nimekwenda kituo cha kompyuta mbio, kwenye mvua, bila mwavuli. Fundi alinipa kiti. Sijui uso wangu ulikuwaje, maana alisukuma karanga pembeni.

"Mtu akijaza fomu mara ya pili," nikamuuliza, "ile ya kwanza inakwenda wapi?"

"Inafutika. Inabaki mpya, na tarehe mpya. Kampuni inatoa kwa foleni ya tarehe." Akageuza skrini ili nione. "Anayeomba upya anaanza upya, mkiani."

"Kwa nini mtu aruhusiwe kuomba upya?"

"Wapo wanaobadilisha kompyuta. Nyinyi nilikuwa nawaona kila Jumatatu, majina ishirini na moja yanashuka chini kwa pamoja. Nikasema hawa wa upimaji wana kompyuta mbovu kweli. Siku moja nilitaka kukuuliza, nikaona umekasirika."

"Ungetuambia tusijaze."

Hakupandisha sauti. "Binti, kila ulipokuja hapa nilikwambia nini?"

Alikuwa amenipa maelekezo kamili tangu Machi, kwa neno moja, nami nikamwona mvivu na kumpachika jina. Alinionyesha maandishi chini ya fomu, madogo, ya kijivu. Yapo. Nimejaza fomu ile mara kumi na moja kwa jina langu, sijui mara ngapi kwa majina ya watu, na sikuwahi kushuka hadi pale chini.

"Tukitulia sasa, tutapata lini?"

"Mwisho wa mwezi. Mngetulia tangu mwanzo, mngekuwa nazo kabla ya wa kilimo."

Nimerudi darasani nimelowa. Nilikuwa na njia nzima ya kutunga maneno, lakini nilipofika mlangoni yote yalinitoka. Nikasema tu. Nikasema wazo la Jumatatu lilikuwa langu, kila Jumatatu, na kila tulipojaza tulijirudisha mwisho wa foleni. Kwamba yule tuliyemcheka kwa kulala ndiye pekee aliyefanya kama inavyotakiwa.

Rula ndiye aliyeanza. "Kwa hiyo tulikuwa tunajifukuza wenyewe kwenye foleni. Kwa ratiba. Na kiongozi anaita mahudhurio." Wengine walicheka kile kicheko cha mtu aliyekwisha. Mmoja alitoka nje. Nilitamani wanitukane.

Mama Pacha alinisubiri chumbani, amekaa kwenye kitanda chake, mikono magotini.

"Ile siku niko wodini, ulinijazia?"

"Nilikujazia."

"Nikakushukuru."

"Ndiyo, dada."

"Mtoto ana dripu mkononi, mimi nakuombea dua wewe." Akatikisa kichwa polepole. "Nilikwambia hodi ni tatu."

Nikalia. Nilimwomba msamaha nikiwa nimesimama mlangoni kama mgeni. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alisema, "Funga mlango, maji yanaingia."

Jumatano, 14 Mei

Usingizi kaweka mfumo jana, kachora ramani yake jana hiyo hiyo, na leo saa mbili kamili kaitua laptopu yake juu ya meza ya darasa. "Tumieni," akasema. "Mimi kulala sihitaji kompyuta."

Mashine moja, watu ishirini na mmoja, siku tatu. Vipimo kila mtu anavyo, kinachobaki ni kuviingiza na kuchora. Saa moja kwa mtu, na kazi ya saa moja sisi tumeizoea kuliko darasa lolote duniani. Rula alitaka tupige kura ya zamu. Nikasema wapige wao, lakini wa kwanza ni Mama Pacha na wa mwisho ni mimi. Rula akanitazama. "Hilo halina haja ya kura," akasema, akaandika orodha, akapiga mstari chini ya kila jina.

Mama Pacha alikaa saa mbili badala ya moja na hakuna aliyekohoa. Alipomaliza aliitazama ramani yake, ya soko na njia zake zote, akaigusa skrini kwa kidole. Kaikabidhi kabla ya saa tano. Leo wamechora watu tisa.

Alhamisi, 15 Mei

Umeme umekatika saa tatu asubuhi, umerudi saa kumi. Wamechora wanne. Nimekaa dirishani nahesabu. Wamebaki wanane, nikiwemo.

Ijumaa, 16 Mei

Wanane kwa saa nane ingetosha, kama binadamu angeweza kuinuka kitini bila kusema "dakika moja tu". Kila mmoja alizidisha dakika chache, na sikuwa na mdomo wa kumwambia mtu aharakishe. Zamu yangu imefika saa tisa na nusu. Rula, aliyenitangulia, aliinuka amekunja uso, akasema "Chora, usiongee," akatoka mbio na flashi yake.

Nimechora bila kuinua kichwa. Mitaro yote, mashimo yote, hadi bweni letu. Sikufuta kitu wala kurembesha. Ilipokwisha kuhifadhi, saa ya ukutani ilisema kumi na dakika nane.

Nilipofika kwa mwalimu msimamizi nilimkuta mlangoni, ufunguo mkononi, na Rula amesimama mbele yake anamuuliza swali kuhusu vipimo vya ramani. Rula ambaye hajawahi kuuliza swali kwa kuwa anajua kila kitu. Alikuwa anauliza tangu saa kumi kasorobo. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, maana ni mtu wa haki, kisha akafunga mlango.

"Saa kumi imepita, binti."

"Najua, mwalimu."

Alinipa fomu ya kuomba kupokelewa kazi iliyochelewa. Baraza litakaa, litajibu kwa barua pepe. Likikubali, namaliza na wenzangu. Likikataa, narudia mwaka. Niliijaza pale pale mlangoni, nikimtumia mgongo wa Rula kama meza.

Jumapili, 18 Mei

Nimemwambia mama yote. Nilidhani atagomba. "Mimi ndiye niliyesema ukumbushe," akasema. Nikamwambia aliyesoma fomu nusu ni mimi. Tukabaki kila mmoja anagombea kosa.

Jumatano, 21 Mei

Kimya.

Jumamosi, 31 Mei

Leseni zimefika zote, ishirini na moja kwa siku moja, kama fundi alivyosema. Laptopu yangu haijizimi tena. Imewaka tangu asubuhi, na sina kazi ya kufanya nayo.

Nimepita kituo cha kompyuta. Nimemwamkia fundi, nikamwomba radhi kwa siku ile niliyotoka bila kuaga. Akanipa karanga.

Jumapili, 8 Juni

Mvua imekata. Mama Pacha amefaulu, jina lake liko ubaoni, nimelisoma mara tatu. Mumewe kaja kumchukua na pacha wote wawili, waliopanda kitandani kwangu na viatu. Godoro lake limeviringishwa, upande wake wa chumba umebaki mweupe.

Mlangoni alitua mzigo, akanishika mkono. "Ile fomu ya baraza umejaza?"

"Nimejaza, dada."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

Akanitazama sana. Halafu akanivuta, akanikumbatia kwa nguvu, mara ya kwanza tangu ile Jumanne. "Basi kaa, mdogo wangu. Kaa hivyo hivyo."

Jumatatu, 9 Juni

Barua pepe haijaja. Nimekaa mbele ya laptopu tangu asubuhi, ukurasa wa ile fomu ya baraza, kumbe ipo na mtandaoni, uko wazi, namba yangu ya usajili naijua kwa kichwa. Naogopa. Mikono inaniwasha.

Sijajaza.